Sega kwenye Mpera

Baba alipopatwa na kiharusi tulimtoa kijijini Chiungutwa, tukamleta kwangu Lisekese, mkono wa kulia umekufa na mdomo umepinda. Kila asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo baba," naye akanitazama tu. Mtu ambaye marahaba yake ilikuwa ikisikika hadi nyumba ya tatu! Mtaalamu wa mazoezi hospitalini alisema tumtafutie kitu anachokipenda, huenda ulimi ukafunguka. Baba alipenda asali, na kuliko asali alimpenda ndege anayeonyesha ilipo.

Ndege huyo huitwa. Nilikua nikimwona baba akitetemesha ulimi, brrrr, kisha anaguna, hm, na ndege anakuja akimpigia kelele tawi kwa tawi mpaka penye nyuki. Akisharina, kabla ya kulamba hata kidole, humwachia ndege kipande cha sega juu ya jani. Fungu la ndege halikuguswa na mtu.

Basi nikanunua sega sokoni Masasi, nikalifunga kwenye mpera ulio mbele ya baraza, na kulizunguka shina nikamwaga majivu kuzuia sisimizi. Jirani alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mwalimu, siku hizi unawafuturisha ndege?"

"Nawafuturisha. Wewe ngoja zamu yako."

Shida ni kwamba kwangu ndege wote walikuwa ndege tu. Akitua chozi, yule mdogo mnyonya maua, nauliza, "Baba, ndiye?" Anafumba macho: siye. Tetere, siye. Akaja keremkerem, akawa anawadaka na kuwala nyuki walioliandama sega. Hapo baba alifumba macho kwa hasira kabisa. Na mimi nilikasirika. Miaka yote nimewapa watoto wa watu mitihani, leo nafelishwa na mtu asiyesema.

Asubuhi moja ya kiangazi nikasikia kama mtu anatikisa kiberiti. Juu ya mpera palikuwa na ndege mdogo wa rangi ya vumbi, koo jeusi, shavu jeupe, mdomo wa rangi ya waridi. Aliporuka, mkia ulionyesha weupe pembeni. Sikuuliza. Baba alikuwa amekodoa macho yote mawili.

Ndege hakuligusa sega. Aliita, akarukia mkorosho wa jirani, akarudi, akaita tena. Alitaka mtu ainuke amfuate. Baba akavuta pumzi, akajaribu. Ulimi haukutetemeka; yalitoka mate na upepo. Akajaribu tena, mishipa imemtoka shingoni, mkono ulio mzima umeng'ang'ania kiti. Ndege akainamisha kichwa, akangoja. Nikajaribu mimi kwa niaba yake, nikatoa mlio wa bodaboda inayogoma kuwaka. Ndege akaondoka kuelekea porini huku akiita, mpaka hatukumsikia tena.

Nilimfuta baba mate, kisha machozi. Nililia na mimi, sioni aibu kusema. Nilihangaika siku zote zile, kumbe nilikuwa namletea mlangoni kile ambacho hawezi tena. Hapo akafungua mdomo, likatoka neno, la kwanza tangu aanguke, limenyooka, hata jirani angelielewa.

"Toa."

Nikapanda juu ya kigoda, nikalikata sega, nikaenda kulitupa jalalani. Mtaalamu alipokuja nilimweleza kwamba mgonjwa amesema. Alifurahi sana, akaandika. Hakuuliza amesema nini, na mimi sikumwambia. Tangu siku ile baba hakusema neno jingine.

Ndege alirudi kesho yake, akaita juu ya mpera usio na kitu, akaenda mkoroshoni, akarudi, akaita. Mimi nikainama kitandani nikamwamkia baba kama kawaida. Alikuwa amegeukia ukutani. Hatukuitikiwa, si ndege, si mimi.