Kilo Thelathini na Tano za Nunow

Soko la mifugo la Garissa hujaa kila Jumatano, na sokoni humo Nunow Gedi alijulikana kwa miguu yake. Madalali wengi hutafuta kivuli na kungoja wanunuzi wawafuate. Nunow alizunguka tangu alfajiri, mrefu, mwembamba, fimbo mabegani, akimpapasa ng'ombe huyu nundu na kumfunua yule meno. Jua likianza kuchoma alikuwa amekwisha kuwapatanisha watu sita au saba.

Alikuja mjini kutoka kijijini kwao Sangailu baada ya ukame uliomaliza ng'ombe wa nyumbani kwao. Walibaki wanne tu. Hakulia. Alimwambia mkewe, Farhiya, kwamba anayewajua ng'ombe hawezi kukosa kazi mahali wanapouzwa, wakapanga chumba katika mtaa wa Bulla Iftin, maisha yakaanza upya.

Mwaka wa pili usingizi ukamkimbia. Siku tano hakulala, akawa anawaita kwa majina ng'ombe waliokufa. Jumatano moja alisimama katikati ya zizi tupu akaanza kuwauza, mmoja mmoja, akitaja rangi na pembe zao. Watu walicheka, mpaka walipoyaona machozi yake.

Farhiya alimpeleka kwa sheikh wa mtaa asomewe. Sheikh alimsomea siku tatu. Siku ya nne akamwita Farhiya kando. "Binti yangu, Kurani nitaendelea kumsomea," alisema. "Lakini mumeo ni mgonjwa, na Mwenyezi Mungu ameteremsha dawa pia. Mpeleke hospitali." Farhiya humwombea dua sheikh huyo mpaka leo.

Hospitalini walipokewa na afisa wa tiba aitwaye Abdiwali, ambaye wagonjwa wote humwita daktari. Alimwandikia Nunow vidonge vya kumeza kila jioni. Wiki ya tatu Nunow alilala mpaka asubuhi, akaamka, akauliza, "Idman yuko wapi?" Idman ni binti yao, na baba yake hakuwa amelitaja jina lake kwa miezi miwili. Farhiya aligeukia ukuta ili mtoto asimwone akilia.

Kisha ikaja njaa.

Haikuwa njaa ya mchungaji, ile anayoijua na kuizoea. Nunow alikula anjera, ile mikate laini ya kumimina, saba asubuhi na kuondoka bado akizifikiria. Alimaliza sahani ya wali na nyama, akamalizia na ya Idman. Chai aliinywa kikombe juu ya kikombe, sukari imejaa vijiko vinne. Kwa kuwa nyumbani alifunga kikoi, na kikoi hakimkatai mtu, hakuona upesi kilichokuwa kikitendeka. Siku ya Idi alivaa shati lake jeupe, vifungo vikagoma. Kliniki walimpima: alipoanza dawa alikuwa na kilo sitini na mbili, sasa zilikuwa tisini na saba.

Sokoni walimpongeza. "Mashallah, Nunow, mji umekukubali," alisema Bishar, dalali mwenzake, akimpiga tumboni. Kwao unene ni neema, na aliyenenepa ni aliyeshiba. Nunow alitabasamu. Hakumwambia mtu kwamba magoti yalimuuma akisujudu, kwamba kufika saa tatu alikuwa akihema, na kwamba sasa naye alikaa kivulini na wale wanaongoja. Wanunuzi waliomzoea wakaanza kumfuata Bishar.

Hakumwambia hata Farhiya. Angesemaje? Mke aliyemwogesha, aliyemlisha kwa mkono alipokuwa haijui nyumba yake, amlalamikie shati? Alijiona hana haki ya kulalamika kwa kuwa amepona.

Basi akaacha dawa kimyakimya. Kila jioni alikiweka kidonge mdomoni, akanywa maji mbele ya mkewe, kisha akatoka nje na kukitema. Wiki ya kwanza njaa ilipungua, akafurahi. Wiki ya tatu usingizi ulikatika. Asubuhi moja Farhiya aliamka akakuta mlango wazi.

Nunow alikuwa ameshika kwa miguu njia ya Liboi, iendayo mpaka wa Somalia. Baadaye alieleza kwamba alisikia wazi kabisa ng'ombe wa baba yake wakilia upande wa mpakani, na aliona haya kuwaacha. Alitembea mpaka adhuhuri bila maji. Kwenye kizuizi cha polisi askari walimtaka kitambulisho, naye akawajibu kwa rangi na pembe za ng'ombe. Mambo yangeweza kuharibika pale. Lakini kando ya kizuizi mama mmoja, Muslimo, huuza chai na maziwa ya ngamia, na alikuwa akimwona Nunow sokoni kila aendapo kununua mbuzi.

"Huyo si mtu mbaya," aliwaambia askari. "Ni dalali wa Garissa, ni mgonjwa. Niachieni mimi." Akamketisha, akamnywesha maziwa polepole, na Nunow alipouliza habari za ng'ombe, Muslimo hakumbishia. Alisema tu, "Pumzika kwanza, walaal, ndugu yangu. Watu wako wanakuja." Akapiga simu kwa Bishar, ambaye pia humtafutia mbuzi, na alasiri Bishar akafika na gari. Njia nzima ya kurudi alimshika Nunow mkono, wala hakutia mzaha.

Alirudishiwa dawa, na ilipita karibu miezi miwili kabla Nunow hajaweza kukaa kliniki na kuzungumza kama yeye mwenyewe. Farhiya alikuwa pembeni yake. Abdiwali aliweka kalamu chini.

"Kwa nini uliacha?"

Nunow alitazama sakafu. "Mwili huu si wangu, daktari."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani utasema nishukuru nimepona."

"Kosa ni letu sote wawili," alisema Abdiwali. "Nilikuwa nakupima kilo, naandika, nasema haya kwaheri. Sikukuuliza hata mara moja unajisikiaje. Ndugu yangu, unaweza kushukuru na bado ukalalamika. Hiyo njaa si ulafi wako, ni ya dawa, na kuna la kufanya. Ila usiache tena bila mimi kujua."

Farhiya akasema kwa sauti ndogo, "Na bila mimi kujua."

Walipima sukari ya damu. Ilikuwa imepanda, ila bado haijawa kisukari. Abdiwali akambadilishia dawa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, ya zamani ikipunguzwa huku mpya ikiongezwa, akimwita kila baada ya siku kumi. Dawa mpya haikumsukuma jikoni kama ile ya kwanza. Hata hivyo kilo zilizokwisha kuingia hazikutoka kwa kubadilisha kidonge tu.

Nyumbani Farhiya alifungia kopo la sukari kabatini. Wiki ya kwanza Nunow alikunywa chai kama anayekunywa adhabu. Farhiya naye akaacha sukari, ingawa hakuna aliyemwomba, na Nunow alipomwuliza kwa nini, alijibu, "Chai chungu hainyweki peke yako, Baba Idman." Anjera zikawa mbili, na maharagwe. Wali ukapungua, mboga ambazo Nunow alikuwa akiziita chakula cha mbuzi zikaingia sahanini. Njaa ikimjia katikati ya siku, alijifunza kunywa maji na kusubiri kidogo. Mara nyingine ilipita, mara nyingine haikupita, akala.

Bishar alimtafutia njia ya kurudisha miguu. Wafugaji wanaoleta mifugo huilaza nje ya mji, na Jumatano alfajiri lazima mtu aiongoze mpaka sokoni. "Njoo tuilete pamoja," alisema. Mara ya kwanza Nunow alipumzika mara nne njiani, na Bishar akajifanya kiatu chake kimeingia mchanga kila Nunow aliposimama. Siku zisizo za soko walitembea wawili tu, bila ng'ombe, hadi mtoni na kurudi.

Baada ya mwaka na zaidi kidogo Nunow alikuwa na kilo themanini na sita. Hajarudi alivyokuwa, na Abdiwali amemwambia ukweli kwamba huenda asirudi. Sukari ya damu imeshuka. Analala. Alimpelekea Muslimo mbuzi jike mwenye maziwa, naye Muslimo akakataa mara mbili kabla ya kumpokea.

Msimu wa mvua uliopita alikwenda Sangailu na Farhiya na Idman. Wale ng'ombe wanne wamekuwa kumi na mmoja. Mama yake, Abshiro, hakuwa amemwona tangu augue, kwa kuwa familia ilimficha mambo mengi. Jioni, baada ya kukamua, Nunow alitoa kidonge mfukoni mbele ya wote.

"Hiyo ni nini?" mama aliuliza.

"Dawa ya kichwa changu, Hooyo. Nilipotea. Hii ndiyo iliyonirudisha."

Abshiro alimtazama Farhiya, ambaye alitikisa kichwa kukubali. "Utaimeza mpaka lini?"

"Sijui. Labda maisha yangu yote."

Mama alichukua kikombe, akachota maji ya kunywa mtungini, akampa. "Alhamdulillahi," alisema. "Kunywa. Kesho unisaidie kuwapeleka ng'ombe malishoni."