Kenge wa Chini ya Kihenge

Meno ya utoto yalikuwa bado yananing'oka mwaka ule kenge alipohamia kwetu, kijijini nyuma ya Kagongwa. Nililelewa na Bibi, mama yake baba. Mvua ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza, na Babu alikuwa amezikwa juzijuzi tu, kenge mrefu kama mimi alipochimba shimo chini ya kihenge cha mtama. Mjini ukimwita mtu kenge mtagombana. Kwetu Bibi alipiga magoti akamkaribisha.

Masamva, wale wazee waliotangulia, hurudi kwa umbo wanalotaka, na Bibi hakuwa na shaka kwamba huyu ni mumewe. Kila asubuhi nilipeleka yai, nikasema, "Shikamoo Babu," nikarudi kinyumenyume. Alilimeza zima, kisha akajianika juani. Baadaye aliniachia nimguse mgongo. Nilimpenda sana.

Mvua zilipokwisha na pamba ikavunwa, miguu ya Bibi ilivimba, pumzi ikawa ya shida. Baba, aliyekuwa fundi baiskeli Kahama, akaja na lori la kuazima ampeleke hospitali.

"Siondoki kwenye mji wa mume wangu bila ruhusa yake," Bibi alisema. "Nitampa yai. Akila, nakwenda."

"Mama, huyo ni kenge."

"Ni baba yako. Usimtukane."

Niliweka yai mlangoni mwa shimo. Hatukuona hata ulimi. Kesho yake lilikuwa palepale, limeingia vumbi. Baba alibembeleza, akagomba, mwisho akalia mbele yangu, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Amekataa," Bibi alisema. "Ana hasira na mimi, na sijui nimemkosea nini."

Lori likaondoka bila yeye. Tangu hapo alishinda pembeni ya kihenge, akiomba msamaha kwa sauti ya chini, na shimo liko kimya. Tulimzika mvua zikiwa bado hazijarudi.

Ziliponyesha, matanga hata hayajaanuliwa, kenge akatoka. Alikuwa amekonda, mkia umesinyaa. Nilimpelekea yai, akalimeza palepale. Baba aliinua jembe juu ya kichwa chake, akakaa nalo hivyo, kisha akalishusha na kuingia ndani.

Ukubwani nimekuja kujua kwamba kenge wa nchi kavu kama yetu hujichimbia wakati wa kiangazi, asile chochote, akingoja mvua. Alikuwa amelala tu. Wachunga ng'ombe wa pale kijijini nadhani walilijua hilo vizuri. Lakini nani angethubutu kumweleza Bibi tabia za kenge, na yeye anazungumza habari za mumewe?

Kufa tutakufa wote, na pengine hata hospitali isingemponya. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba alikwenda akiamini Babu hamtaki tena.