Sauti Inayopanda Kwenye Kasia

Masikio yangu yaliziba polepole, kwa miaka, hata ikafika nikawa naendelea kuimba kanisani wakati wenzangu wamekwisha kuketi. Watu wa Majanji, mwalo wetu wa wavuvi upande wa Uganda wa ziwa, ni wema. Walipaza sauti, wakarudia, kisha wakachoka. Mke wangu hakuchoka, lakini Mungu alimchukua. Tangu hapo zinaweza kupita siku tatu bila mtu kuniuliza neno.

Isipokuwa mtu akipotea ziwani. Tuna kikundi cha kujitolea hapa, wavuvi na wauza samaki, wenye mtumbwi mmoja wa injini na maboya machache. Kukiwa na ukungu wananifuata nyumbani. Injini inazimwa, nami nazamisha kasia majini, nauma mpini kwa meno na kufunga macho. Sauti ambayo sikio limeikataa hupanda kwenye mti ikaingia mfupa wa taya. Na wavuvi wa huku, mtu akikwama, hugonga ubavu wa mtumbwi mara tatu, kisha hunyamaza, kisha hugonga tena. Hiyo naisikia kuliko wenye masikio mazima.

Asubuhi moja baada ya mvua walikuja. Mvuvi mmoja, baba wa watoto wanne, alikuwa ametoka peke yake alfajiri kutegua nyavu na hajarudi. Mkewe alisimama kwenye maji hadi magotini. Aliniinamia sikioni akasema, "Mzee, niletee huyo mtu."

Tulikuwa watano. Nahodha wetu, muuza petroli, alizima injini katikati ya ukungu. Mmoja akanipigia kelele sikioni ili utani usinipite: "Huyu ukimwita kunywa chai anasikia bila kasia!" Wakacheka, nami nikacheka. Kisha wakanyamaza wote, wakatazama mdomo wangu.

Sikusikia kitu. Maji tu.

"Iko wapi, mzee?" nahodha akauliza kwa nguvu.

Nikanyoosha mkono upande wa Kenya. "Kule."

Injini ikawaka. Sikuwa na nia mbaya. Wanaume wanne walikuwa wamezuia pumzi wakingoja neno langu, na ilikuwa miezi mingi tangu mtu yeyote angoje neno langu. Nilishindwa kuwaambia hakuna. Mimi, ninayewafundisha watoto amri za Mungu kila Jumamosi.

Tulikwenda mbali kidogo, nami nikamkumbuka yule mama majini. Nikamshika nahodha bega. "Zima. Sikusikia kitu. Nimewadanganya."

Mdomo wake ulicheza kwa muda mrefu. Siku hiyo nilimshukuru Mungu kwa uziwi wangu. Halafu akaniinamia: "Sasa sikiliza kweli. Kama hakuna, sema hakuna."

Akageuza mtumbwi. Tukasimama, nikasikiliza. "Hakuna," nikasema. Tukasogea. "Hakuna." Kila mara neno hilo lilikuwa zito kulitoa. Tuliposimama mara ya tatu tangu tugeuze, kitu kikagusa meno yangu: tatu, dhaifu, kisha kimya. Sikufungua mdomo mpaka ziliporudi tena. Zilitoka upande tuliouacha nyuma tulipokwenda kule nilikoonyesha.

Tulimkuta amelala kifudifudi juu ya mtumbwi uliopinduka, kasia mkononi, midomo imekuwa kijivu. Walimvuta, wakamfunika kwa koti. Alisema jambo, nikaona wenzangu wamenitazama kisha wakatazama chini. Nikamwomba nahodha anirudishie maneno yake.

"Anasema alisikia injini yetu," nahodha akaniambia, "ikienda mbali."

Ufukoni mkewe alinishika mikono yote miwili akanibariki. Nilimweleza nilichofanya. Sijui alijibu nini. Alikuwa analia, na midomo ya mtu anayelia haisomeki.

Bado wananifuata kukiwa na ukungu. Ila sasa nahodha huniuliza mara mbili, na mara ya pili hunitazama machoni. Huwa inaniuma. Kisha nauma tena mpini wa kasia, nasikiliza, namjibu.