Mkono Hadi Kiwiko

Alasiri ile naikumbuka kwa mkono wangu wa kulia, mwanangu, kuliko ninavyoikumbuka kwa kichwa. Nisamehe kukuita mwanangu. Juzi mwenye duka pale Masimba aliniita mzee, nikageuka kutazama ni nani aliyeingia nyuma yangu. Hapakuwa na mtu. Basi nimeupokea uzee, na pamoja nao haki ya kukuchosha kwa nasaha.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, na shahada yangu imelala sandukuni ikisubiri nchi iihitaji. Nchi haikuwa na haraka. Nikapata kazi katika kiwanda kimoja cha chai huko Nyamira, upande wa mapokezi: kushusha mifuko ya majani mabichi kutoka kwenye malori, ilikoning'inizwa, kuitundika kwenye kulabu za reli inayopita juu, na kuisindikiza hadi kwenye vitanda vya wavu ambako majani hunyaushwa kwa feni. Kwa ndugu wa kanisani Nyanchwa nilisema kwamba nasimamia mwendo wa malighafi. Mama yangu, aliyechuma chai maisha yake yote, hakupenda maneno marefu.

"Kwa hivyo unabeba majani," alisema.

"Nasimamia mwendo wake, Mama."

"Yanatembea yenyewe?"

"Hapana."

"Basi unabeba. Beba vizuri. Yangu pia yamo."

Mkubwa wetu pale alikuwa Mzee Ondieki, mtu mfupi aliyeishia darasa la nne, mwenye desturi moja niliyoicheka kimoyomoyo. Kila lori lilipofika alikunja shati, akatumbukiza mkono ndani ya mfuko hadi kiwiko, akafumba macho kama daktari anayesikiliza kifua. Ndipo aliposema, "Shusheni." Mimi nilidhani ni uvivu uliovalishwa heshima.

Siku hiyo reli ilikwama. Malori mawili yalikuwa yakisubiri uani, na la tatu likipiga honi langoni. Mzee akaenda kumtafuta fundi, akaniachia neno moja: "Mifuko ibaki ikining'inia humo humo kwenye malori mpaka nirudi." Alipopiga kona tu, usomi wangu ukaamka. Nikaona ukuta mtupu, nikaona mifuko, nikaona jibu. Nikaagiza ishushwe na kupangwa mmoja juu ya mwingine, safu kwa safu, hadi ikapita kichwa changu.

Otieno, mwenzangu kutoka upande wa ziwa, alisita. "Prof, hayo si matofali."

"Nafasi ni hesabu, Otieno."

"Sawa. Lakini tofali halipumui."

Nilimcheka. Asiyejua maana haambiwi maana, na mimi nilikuwa nimeambiwa mara mbili. Malori yakaondoka matupu, nami nikasimama mbele ya ukuta wangu wa kijani, mikono kiunoni, nikingoja kusifiwa.

Fundi alikawia. Mzee Ondieki aliporejea, jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa paa. Aliutazama ukuta. Hakufoka, angefoka ningejitetea, maana nilikuwa na hoja tatu tayari. Alinishika tu kifundo cha mkono, akausukuma mkono wangu ndani ya mfuko wa chini, katikati ya majani, hadi kiwiko.

"Unasikia nini?"

"Joto, Mzee."

"Hiyo ni homa. Sasa niambie wewe uliyesoma: mgonjwa wa homa analaliwa na wenzake kumi?"

Otieno aliangua kicheko, kisha akakikata alipoona uso wangu. Jani la chai likishachumwa, mwanangu, bado li hai. Linapumua. Likibanwa hujipika lenyewe, likawa jekundu kabla halijaonja mashine, na jani jekundu halifanyi chai; hutupwa. Ndani ya ukuta ule mlikuwa na asubuhi nzima ya akina mama waliochuma kwenye umande, migongo imeinama. Na sauti ya Mama nikaisikia: yangu pia yamo.

Tukatandika maturubai safi, tukaupangua ukuta, tukamwaga majani na kuyatandaza membamba, tukayageuza kwa mikono bila kupumzika. Tukiwa tumepiga magoti, msimamizi wa zamu akaingia.

"Nani alipanga mifuko hivi?"

Mzee Ondieki hakuinua kichwa. "Ni sisi. Tulipanga sisi, tunapangua sisi."

Hapo, mwanangu, ndipo palipokuwa mtihani wangu halisi. Mzee alikuwa amenipa pa kujificha, na mahali penyewe palikuwa pazuri. Lakini kiwiko changu kilikuwa bado kina lile joto.

"Ni mimi," nikasema. "Mzee alikuwa amekataza."

Msimamizi aliitazama mikono yangu iliyojaa majani. "Basi maliza," akasema, akaenda zake.

Mifuko minne ya chini kabisa haikupona. Niliibeba mwenyewe hadi kwenye shimo la mbolea, na hakuna mzigo niliowahi kubeba uliokuwa mzito kuliko huo. Nyumbani nikamweleza Mama. Aliuliza kuhusu iliyobaki. Nikamwambia imepona. "Haya," akasema, "sasa umeanza kubeba."

Wiki zilipita. Siku moja lori lilifika, Mzee Ondieki akasogea kando, akaniashiria kwa kidevu. "Prof. Sikiliza." Nikakunja shati, nikatia mkono, nikafumba macho. Majani yalikuwa baridi kama kisima. "Shusheni!" nikasema, na watu wakashusha. Nimewahi kuvaa joho mbele ya umati, lakini sijapata kusimama wima kama nilivyosimama pale, kwenye sakafu yenye majani, na gamboti za mpira miguuni.

Basi ukipata kazi ya kubeba, usiipambe jina ukiwa kanisani. Wapo wanaoishi wakitegemea mzigo huo usipondeke. Elimu bila amali ni kama nta bila asali, kwa hiyo mzigo uguse kwanza kabla hujaufanyia hesabu, na mwenzako akisema tofali halipumui, simama umsikie. Ukikosea, piga magoti upangue, na wakiuliza ni nani, usimwache mzee akujibie.

Nenda, mwanangu. Mikono yako isikose mzigo wa halali, na siku utakapokuelemea, usikose mikono ya kukutua.