Ukuta wa Mfinyanzi

Mtaa mzima ulimwita Bi Futi, kwa sababu futi ya kupimia nguo haikumtoka shingoni hata alipokwenda hospitali. Alikuwa fundi cherehani wa miaka hamsini na minane, mwenye chumba cha kazi cha dirisha moja, cherehani mbili, moja ya kushonea na nyingine ya kulaumiwa, na meza ya kukatia iliyokuwa pana kuliko kitanda chake. Hakuwa na makuu. Mteja akiridhika naye huridhika, na mteja akinung'unika humwambia nguo haina kosa, ila yeye ndiye aliyenenepa.

Kila asubuhi shangazi yake, dada mkubwa wa marehemu baba yake, alikuja kukaa karibu na dirisha. Alikuwa na miaka themanini na sita. Kazi yake ilikuwa kufumua mishono iliyokosewa na kusimulia habari ambazo, kwa maoni yake, hazikukosewa hata kidogo. Habari aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mama wa bibi yake, mwanamke mfinyanzi aliyejijengea nyumba kwa jasho lake karibu na kisima cha zamani. Bi Futi aliijua habari hiyo kwa moyo tangu alipokuwa akitambaa chini ya meza ile ile.

Basi siku moja akaja Mwalimu. Huyu alikuwa binamu yake shangazi: babu yao mmoja, bibi zao wawili, yeye wa mke mkubwa na shangazi wa mke mdogo. Alistaafu zamani, lakini ualimu wenyewe ulikataa kustaafu. Alikuwa ameandika kijitabu cha historia ya ukoo na alitaka shangazi akipitie kabla hakijachapwa. Shangazi alifika ukurasa wa tisa, akavua miwani, akaifuta kwa kipande cha kitambaa, akasoma tena. Paliandikwa kwamba mke mdogo wa babu alikuwa binti wa mtumishi aliyehifadhiwa uani mwa Nyumba Kubwa, yaani nyumba ya baba yake babu.

"Nani kakwambia hivi?" aliuliza.

"Marehemu baba."

"Mimi kaniambia bibi mwenyewe, aliyezaliwa ndani ya hiyo nyumba ya mama yake."

"Dada, masimulizi ni masimulizi. Mimi naandika historia. Nileteeni hati, nitabadilisha leo leo. Kitabu kinakwenda kwa mchapaji baada ya wiki tatu."

Aliyasema bila ubaya wowote, na ndiyo maana yaliuma zaidi. Alipoondoka, shangazi akachukua sketi ya mteja na kuufumua upindo ambao haukuwa na kosa lolote. Bi Futi alimtazama mpaka akashindwa kunyamaza.

"Shangazi, una nini?"

"Nimesimulia miaka sabini, mwanangu. Sitaki nife watu wakisema nilikuwa natunga."

Bi Futi akaahidi kuitafuta hati. Ahadi ilimtoka kinywani kabla hajajiuliza mtu huanzia wapi.

Alianzia masjala ya ardhi, kwenye chumba cha chini cha jengo la serikali, ambako majalada ya karne ya kumi na tisa yalipangwa mpaka darini. Karani wake alikuwa mtu mpole mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine juu ya kipara, na kila mara aliitafuta ile ya kiparani. Alimwekea Bi Futi faharasa ya wamiliki. Mwandiko wa faharasa hiyo ulikuwa umelala kwa ubavu, lakini baada ya siku mbili macho yalizoea. Watu wa Nyumba Kubwa walikuwamo tele, hati kumi na nne. Mfinyanzi hakuwamo hata mara moja. Jioni hiyo Bi Futi alimwambia shangazi kwamba bado anatafuta, akashindwa kumwangalia usoni.

Wiki ya pili, kwa kuwa hakuzoea kukaa bure, alizinakili hati zote kumi na nne. Maneno ya kisheria yalimpita juu ya kichwa, lakini kipimo ni kipimo. Kila hati ilieleza kiwanja kina hatua ngapi kutoka kisimani, kina upana gani, na kimepakana na nani kila upande. Alirudi chumbani, akatoa karatasi za kaki anazokatia mitindo, akavikata viwanja vyote, inchi moja kwa hatua kumi, akaanza kuvipanga mezani. Vilikaa ukingo kwa ukingo, kama vipande vya gauni moja. Ila kati yake palibaki tundu la mraba, na fundi hawezi kulala na tundu. Alizirudia hati za viwanja vinne vilivyolizunguka, za mwaka 1868 mpaka 1880, na safari hii alisoma mipaka tu. Kila kimoja kiliishia mahali pamoja: kwenye ukuta wa Mfinyanzi.

Kesho yake alifika masjala kabla mlango haujafunguliwa.

"Sasa kwa nini yeye hana hati yake?" alimuuliza karani.

"Mama, zamani zile hati iliandikwa mtu alipouza. Yeye hakuuza, kwa hiyo hakuandikwa."

"Na hawa wa Nyumba Kubwa, wenye hati kumi na nne?"

Karani alikohoa kwa adabu. "Hao waliuza sana."

Bi Futi alicheka mpaka bwana mmoja aliyekuwa meza ya pili akanyanyua kichwa.

Mwalimu aliitwa, akaja, akaizunguka meza ya kukatia mikono ikiwa nyuma. Zilikuwa zimebaki siku tatu. Shangazi hakufumua kitu, alimtazama tu.

"Kazi nzuri sana hii," alisema Mwalimu. "Nimekubali alikuwa akiishi hapa. Lakini hata mtumishi huishi mahali, na watu wakapaita pake. Kwamba alikuwa mwenye nyumba, hapo bado sijaona."

Bi Futi alitamani kumchoma pini. Kilichomuudhi ni kwamba mzee alikuwa na haki. Alikwenda kumweleza karani yote, na karani, katika kuitafuta ile miwani ya kiparani, akakumbuka kwamba kulikuwa na jalada jingine, la makubaliano ya majirani kuhusu njia, mifereji na kuta. Hilo halikuingizwa kwenye faharasa ya wamiliki, kwa kuwa humo hakuna aliyeuza wala kununua. Walilifungua pamoja, ukurasa kwa ukurasa, na siku ya pili, saa tano asubuhi, Bi Futi akaweka kidole chake juu ya mwaka 1883 na kushindwa kukiondoa.

Jioni hiyo Mwalimu aliisoma nakala kwa sauti, kama anavyosoma mtu aliyezoea darasa. "Mimi mwenye Nyumba Kubwa nimemwomba jirani yangu, mwanamke mfinyanzi, mwenye ukuta, naye ameniruhusu kulaza boriti saba juu ya ukuta wake. Yeye na warithi wake hawatanidai kuziondoa." Chini, mahali pa sahihi ya mfinyanzi, palichorwa chungu kidogo.

Aliisoma mara ya pili, kimya. Kisha akavuta kiti.

"Huyu aliyeomba ni babu wa baba yangu," alisema. "Na mtu haombi ruhusa kwa mtumishi wake."

Alitoa kalamu nyekundu mfukoni, maana bado alitembea nayo, akakata mistari yake mwenyewe katika ukurasa wa tisa. "Niandike nini, dada?"

"Andika ulichosoma," alijibu shangazi, kwa furaha ambayo hakujaribu kuificha.

Jumamosi walikwenda wote watatu kuangalia. Nyumba ya mfinyanzi ilibomolewa zamani barabara ilipopanuliwa, lakini ukuta mmoja uliachwa, kwa sababu ungeng'olewa vipi na dari ya jirani imelala juu yake? Chini ya dari hiyo sasa palikuwa na kinyozi. Shangazi aliingia kwa mkongojo, akainua uso, akahesabu boriti kwa kidole, mteja akiwa na povu nusu ya shavu. Zilikuwa saba. Mwalimu alivua kofia.

"Karibu, mama," alisema kinyozi. "Kuna shida na dari?"

"Hakuna. Huu ukuta ni wa mama wa bibi yangu."

Kinyozi alishusha wembe. "Sasa mnataka nihame?"

"Endelea na kazi, mwanangu. Ruhusa ilishatolewa."

Kinyozi, ambaye hakuelewa ila aliona amepona, alimsogezea kiti. Shangazi akakikataa kwa mkono. Aliugeuzia ukuta mgongo, akauegemea kwa uzito wake wote, akafumba macho.

"Mimi hapa siombi mtu," alisema.