Nilisema Nimepona, Kumbe Bado

Wapenzi, mukiona nasimama hapa mbele ya kanisa mara ya pili, musiseme Maman Furaha anapenda kushika mikro. Ninaipenda, ndiyo, lakini leo niko na sababu.

Munanijua: nashona nguo kule Muhumba, na mu korali, kwaya yetu hii, sauti yangu inafika mbele ya zingine. Siku moja kichwa kikaanza kuniuma, homa ikapanda, shingo ikakazana, nikashindwa kuinamia mashini. Nikatapika mpaka nyongo. Bwana yangu, Papa Furaha, akanibeba mpaka hopitali.

Daktari akasema, "Tutachoma sindano mu mugongo, tutoe maji kidogo, tuone ugonjwa."

Nikalia, "Aka! Ile sindano inalemazaka watu!"

"Maman, ugonjwa ndio unalemaza. Sindano inatuonyesha tu adui."

Maji yakatoka mazito, kama yale ya kuosha muchele. Ilikuwa meninjite, ugonjwa wa ngozi inayofunika ubongo. Wakanidunga dawa siku nyingi. Nikafufuka, nikaomba bugali na samaki wadogo wa sambaza!

Siku ya Mungu nikaja hapa nimevaa kikwembe kipya cha kitenge. Nikashuhudia nimepona, nikacheza, mukanipigia vigelegele.

Juma lililofuata kichwa kikarudi. Nikaanza kuona Papa Furaha wawili, na mumoja tu ananitosha, jamani! Lakini nikaficha. Kanisa zima lilisikia nimepona. Niliogopa mutasema nimemudanganya Mungu. Nikafunga kitambaa kwa kichwa, nikaja kuimba, kisha nikaenda kutapika mu choo.

Asubuhi moja bwana yangu akaniona namwaga chai pembeni ya kikombe.

"Maman Furaha, unaumwa?"

"Hapana."

"Unamuficha nani? Mungu anajua, na mimi nimekuona."

Nikalia sana. Haya ilikuwa imenishika, lakini kifo kilinitisha zaidi. Tukarudi hopitali, na ile sindano niliiomba mwenyewe.

Safari hii maji yalikuwa safi. Nikafurahi bure! Laboratwari, pale wanapima yale maji, ikaona kitu kingine, na daktari akanieleza, "Magonjwa zilikuwa mbili. Moja tuliiua. Ya pili, kifua kikuu cha ubongo, ilijificha nyuma yake. Kila moja iko na dawa yake."

Vidonge mwaka muzima! Mukojo ukawa na rangi ya machungwa juu ya ile dawa. Kila asubuhi Papa Furaha alikuwa ananiambia, "Fungua kinywa, nione kama umemeza." Alhamisi iliyopita nilimeza kidonge cha mwisho, daktari akanipima, akacheka: ugonjwa umeisha.

Sikio la kushoto halisikii vizuri tena. Ndiyo maana naimba kwa nguvu zaidi, munivumilie tu.

Asante kwa Mungu, kwa daktari, na kwa huyu bwana yangu anayejificha pale nyuma. Wazee walisema mficha maradhi kilio kitamuumbua. Ugonjwa ukirudi, na wewe urudi hopitali, hata kama ulishacheza mbele ya kanisa.

Mimi nimepona. Lakini kichwa kikiniuma tena kesho, musinitafute hapa. Mutanikuta hopitali, na kikwembe hiki hiki.