Neno la Kumsifu Binti Yangu

Binti yangu huchora nembo na vijitabu katika ofisi moja mtaani Kilimani. Kutoka kwangu Woodley ni mwendo wa nusu saa kwa miguu, lakini tangu mama yake afariki tumekuwa tukikutana kwa simu. Alikuwa akinitumia kazi zake, nami nikimjibu, "Vizuri sana. Endelea hivyo."

Siku moja aliandika, "Baba, hiyo ni ripoti ya shule."

Niliona amesema kweli. Nikanunua daftari nikaanza kukusanya maneno ambayo vijana hutumia kusifu kwa Kiingereza. Kwa kila neno niliandika nani hulisema, kwa nani, na kwa kitu gani. Cool humtoka mtu yeyote, hata mbele ya mkubwa wake. Awesome ina uchangamfu zaidi, lakini ikirudiwa mara tatu inachoka. Lit ni ya sherehe na umati. Chakula hakiitwi hivyo. Dope ni ya kitu kilichotengenezwa kwa ustadi, na husemwa kati ya watu waliozoeana.

Hilo la mwisho nilipewa na mwanamke wa mtaa wa Jamhuri anayeoka keki. Mimi hutengeneza mihuri ya mpira katika kichochoro kimoja mjini, naye alikuja kuchukua muhuri wa kupiga kwenye maboksi yake.

"Hii iko dope, mzee wangu."

"Ungemwambia pasta wako hivyo?"

"Pasta? Pasta namwambia mahubiri yalikuwa powerful." Akacheka. "Mzee, unataka kuniharibia kanisa?"

Nililiandika neno lake. Kuhusu pasta sikuandika kitu. Nilidhani ni mzaha tu.

Mwaka mmoja tangu kifo cha mama yake ulipokaribia, binti yangu alitengeneza kijitabu cha misa ya kumkumbuka. Alikifanyia kazi wiki tatu, baada ya saa za ofisi, kisha akakituma kwenye kikundi cha familia cha WhatsApp. Nilikipitia ukurasa kwa ukurasa, nikafungua daftari na kuchagua neno la juu kabisa nililokuwa nalo. Chini ya Amen kumi na moja za shangazi na wajomba, nikaandika: "Dope."

Dada mdogo wa marehemu alijibu kabla sijaweka simu chini. "Shemeji, hii si harusi."

Binti yangu hakuandika chochote. Siku ya pili hakuandika, ya tatu pia. Nilikula nikitazama simu. Sikuwa na mtu mwingine ambaye angegundua kuwa sijasema neno tangu asubuhi. Siku ya nne nilimpigia.

"Ulikuwa unanichezea, Baba?"

"Hapana. Nilitaka kukusifu kwa lugha yako."

"Lugha yangu gani? Neno hilo nawaambia marafiki kuhusu viatu."

Nikamweleza nilichokiona. Nilimwambia kwamba katika ukurasa wa kati ameiacha picha ambamo mama yake ameshika mwavuli uliofungwa huku mvua inanyesha, na hakuikata ukingoni, kwa hiyo mkono wangu unaomvuta aingie ndani ya nyumba bado unaonekana. Mtu mwingine angeukata.



"Mama mdogo aliniambia niutoe," alisema. "Anasema unaharibu picha."

"Usiutoe."

"Sijautoa. Wote waliandika Amen tu. Sikujua kama kuna mtu amekifungua." Kisha nikasikia mlango, na sauti za watu. "Naingia mkutanoni, Baba. Nitakupigia."

Jioni hiyo hakupiga. Nilikifungua kijitabu tena mezani, nikaanza kukipitia polepole. Kulikuwa na kurasa saba ambazo bado sikuwa nimemwambia nimeona nini ndani yake.